Je, Wajua? Pikipiki ya Kariakoo Hukosa Pumzi Kabla ya Kufika Ngosi

Je, wajua kuwa pikipiki inayowaka kwa kiki moja asubuhi Mtaa wa Msimbazi inaweza kushindwa kilima cha kawaida kule kwenye milima ya Uporoto, na isiwe na ubovu wowote? Kilichopungua ni hewa. Kariakoo iko mita chache tu juu ya usawa wa bahari, ilhali ukingo wa Ziwa Ngosi, kwenye milima hiyo mkoani Mbeya, unafika mita 2,600 na ushei. Huko juu, kila pumzi ya mtu au ya injini inapata kama robo tatu tu ya hewa ya Dar es Salaam. Kabureta haina habari hiyo. Inaendelea kumwaga petroli kwa kipimo cha pwani, mafuta yanazidi upepo, injini inakohoa na sailensa inatoa moshi mweusi. Kipimo cha haraka ni hiki: kila ukipanda mita 100, injini inapoteza takribani asilimia moja ya nguvu zake. Kwa Boxer ya cc 150 iliyopakia abiria na begi, ni upungufu wa kuhisi mkononi, pale unapovuta mafuta mpaka mwisho na pikipiki haiongezi kitu.

Fungua plagi kando ya barabara pale Isongole, kijiji cha karibu na Ngosi, ujionee. Plagi ya injini inayokula vizuri huwa ya kahawia. Hii itatoka nyeusi na kavu, ina masizi yanayobaki kidoleni. Mgeni atakimbilia kununua plagi mpya, na haitakwenda mbali kabla nayo haijawa nyeusi. Fundi anayeijua milima atashika bisibisi na kugusa skrubu ya upepo kidogo kidogo huku akisikiliza mlio, au atabadili jeti aweke yenye tundu dogo zaidi. Pikipiki za injeksheni hazina shida hiyo kwa sababu zina sensa inayopima hewa na kupunguza mafuta yenyewe. Ila nguvu hupotea hata kwao, kwani sensa haiongezi hewa.

Dawa nyingine inapatikana hapo hapo Kariakoo kwenye maduka ya vipuri, na ni ya bei nafuu: spoketi ya mbele yenye jino moja pungufu. Mwendo wa mwisho unapungua, mvuto wa mlimani unaongezeka. Kwa maoni yangu, anayetaka kwenda Ngosi aanze na hiyo kabla ya kufikiria taa za kumetameta.

Je, wajua kuwa njia ya kwenda mlimani inashuka pia? Kutoka Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Morogoro uko kwenye mita 500 hivi, na baada ya hapo barabara inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50, ambako tembo huvuka anavyotaka na kugonga mnyama kuna faini. Ukipita Ruaha Mbuyuni unakutana na mlima Kitonga, malori yamefuatana kwa gia ya kwanza, unapanda hadi Iringa iliyo karibu na mita 1,500. Hapo wengi hudhani kazi imekwisha. Baada ya Makambako barabara inateremka tena hadi bonde la Usangu, joto linarudi, mashamba ya mpunga yanaonekana pande zote za Igawa na Chimala, kisha unaanza kupanda upya kwenda Uyole. Pale ndipo unapoiacha barabara kuu na kukata kushoto kuelekea Tukuyu.

Je, wajua kuwa Kariakoo inakula milima hii kila siku? Viazi mviringo vinavyokaangwa chipsi mjini vinatoka kwa wingi Uporoto, na ndizi za Tukuyu hazihitaji utambulisho. Viazi hivyo ndivyo vilivyoipa sifa mbaya lumbesa, gunia lililoshonewa kichuguu juu ya mdomo ili mkulima auze mzigo mkubwa kwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100. Lumbesa ingali inaonekana.

Na soda? Wilayani Rungwe, karibu na volkano ya Kyejo iliyolipuka mara ya mwisho yapata mwaka 1800, gesi ya kabonidayoksaidi inatoka ardhini yenyewe. Kampuni ya TOL Gases huivuna, huisafisha na kuiuza kwa viwanda vya vinywaji. Kwa hiyo povu la soda unayokunywa ukimsubiri fundi pale Msimbazi huenda limetoka chini ya milima hiyo hiyo.

Ngosi lenyewe limejaa ndani ya kasoko ya volkano yenye upana wa kilomita 3 hivi, na kina chake kinapita mita 70. Hakuna mto unaoonekana ukitoka ziwani. Mvua inaingia na kukaa, kama ilivyokusudiwa kwa paa la Soko Kuu la Kariakoo alilobuni msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975: miavuli ya zege iliyogeuzwa juu chini ili ikinge maji ya mvua. Tofauti ni kwamba chini ya Ngosi kunachemka. Kampuni ya jotoardhi ya taifa, TGDC, imelihesabu eneo hilo miongoni mwa yale ya kutafutia umeme. Wenyeji walikuwa na habari ya moto huo kwa namna yao: husimulia kwamba ziwa lilikuwa mahali pengine, wazee wakatupa ndani yake jiwe lililochomwa motoni, nalo likahama kwenda mlimani. Wengine watakuambia Wajerumani walificha mali humo. Hiyo ya mali naipokea kwa tahadhari, maana kila mlima wa Tanzania una Mjerumani wake na sanduku lake.

Pikipiki haifiki ziwani. Inakuacha chini ya msitu wa hifadhi baada ya kilomita chache za vumbi, au matope ikiwa ni masika, kisha ni miguu, mianzi na mizizi inayoteleza. Angalia matawi: kinyonga dume wa huko, *Trioceros fuelleborni*, ana pembe tatu usoni. Jirani, kwenye misitu ya Rungwe na Kitulo, anaishi kipunji, kima ambaye wanasayansi walimtangaza mwaka 2005 tu, wakati wawindaji wa Kinyakyusa walimjua siku zote.

Ukiwasha jiko pale ukingoni, maji yatachemka kwenye nyuzi 91 au 92 badala ya 100. Chai itakuwa tayari ila si ya kuunguza ulimi, na maharage usijaribu.

Kurudi ndiko kunakoua injini. Jeti ndogo uliyofungiwa Isongole, ukiisahau, itakuwa inabana mafuta wakati hewa inazidi kuongezeka. Pikipiki itakimbia vizuri tu, huku pistoni ikipata moto kuliko inavyostahili. Rudisha jeti ya zamani ukifika Uyole, kabla ya joto la Usangu.