Dawa ya macho: kihifadhi hupimwaje?

Ile chupa ya dawa ya macho uliyoifungua miezi mitatu iliyopita, itupe. Tarehe iliyochapishwa ni ya chupa ambayo haijafunguliwa. Ikishafunguliwa, nyingi hazipaswi kupita wiki 4.

Ndani mna kihifadhi, aghalabu benzalkonia kloraidi, cha kuzuia viini. Kikipungua, viini huzaana. Kikizidi, jicho lenyewe hudhurika. Kiasi chake huwa takriban asilimia 0.01, nacho hakionekani wala hakinuki. Ndipo maabara hutumia kromatografia ya kimiminika. Dawa kidogo husukumwa kwa nguvu nyingi ndani ya bomba jembamba la chuma lililojaa chembechembe laini. Kila kemikali hunata humo kwa kadiri yake, hivyo hutoka kwa wakati wake, ikamulikwa kwa miale isiyoonekana. Kiasi cha miale inayofyonzwa hulinganishwa na cha kipimo kinachojulikana.

Si mzaha. Mwaka 1982 madaktari nchini Marekani waliripoti vifo vya watoto waliozaliwa kabla ya wakati, kwa sababu ya alkoholi ya benzili, kihifadhi kilichokuwa katika maji ya kusafishia mirija ya mishipa yao.

Lakini maabara hupima chupa zilizofungwa. Hiyo unayoazimana na jirani, hakuna anayeipima.