Mhudumu Akiondoka Kazini, Barua Pepe Yake Inabaki na Nani?

Siku hizi wengi wetu hatungoji foleni ili kuuliza jambo dogo la matibabu. Mtu humwandikia barua pepe mhudumu anayemfahamu, akaulizia majibu ya makohozi au akaomba nakala ya cheti cha rufaa. Je, mhudumu huyo akimaliza mkataba, akarudi kwao au akaajiriwa na shirika jingine, barua hizo huenda wapi?

Watu wa mpakani wanalijua jambo la kuhamahama. Mwanzoni mwa 2008, baada ya ghasia za uchaguzi nchini Kenya, maelfu ya Wakenya walivuka kuingia Uganda kupitia Busia na Malaba. Wengi walipokelewa katika kituo cha muda cha Mulanda, wilaya ya Tororo, si mbali na Iyolwa, na baadaye waliobaki wakahamishiwa Kiryandongo. Kituo cha namna hiyo kikifungwa, watumishi nao hutawanyika. Lakini dawa za kifua kikuu kwa kawaida humezwa miezi sita, na za ukimwi maisha yote. Kliniki mpya itataka kujua mgonjwa alianza lini na anameza dawa zipi. Ikiwa maelezo hayo yamelala katika sanduku la barua la mtu aliyekwisha kuondoka, anayeumia ni mgonjwa.

Ya mtu au ya kazi?

Anwani iliyofunguliwa na shirika, yenye jina la shirika mwishoni, ni mali ya kazi hata kama mwanzoni ina jina la mhudumu. Ni kama ufunguo wa stoo ya dawa: anayeondoka huurudisha. Taabu kubwa huletwa na anwani za bure, kama za Yahoo au Gmail, ambazo mhudumu hujifungulia mwenyewe kwa haraka ya kazi. Hapo shirika halina ufunguo. Neno la siri likisahaulika, namba ya kulifungua upya hutumwa kwenye laini ya simu ya aliyeifungua. Na sisi tunajua mambo ya laini: huku mpakani mtu ana ya Kenya na ya Uganda, na akihama huacha moja. Laini isiyotumika kwa miezi kadhaa kampuni ya simu huichukua na kumuuzia mtu mwingine. Basi namba ya siri ya sanduku lenye majina ya wagonjwa inaweza kuingia katika simu ya mtu asiyehusika kabisa.

Tusidhani kila anayeondoka ana nia mbaya. Mara nyingi hatari ni sanduku lililoachwa wazi bila mtu wa kulitazama. Mwaka 2021 huko Marekani, wezi wa mitandao waliingia katika kampuni ya mafuta ya Colonial Pipeline kwa kutumia akaunti ya zamani ambayo haikuwa ikitumika tena lakini haikufungwa. Bomba la mafuta lilisimama siku kadhaa. Kambini, mwizi wa namna hiyo angeweza kuandika kwa jina la mhudumu mliyemwamini na kudai pesa ili jina lako liingizwe katika orodha ya rufaa. Kumbuka kuwa UNHCR na mashirika yanayoshirikiana nayo hayatozi pesa kwa huduma zao.

Siku ya mwisho kazini

Siku hiyo hiyo, si wiki ijayo, msimamizi abadilishe neno la siri, aondoe namba ya simu ya anayeondoka na kuhakikisha simu yake haifungui tena sanduku hilo. Kabla ya hapo wakae wawili, wapitie barua ambazo hazijajibiwa na kumkabidhi mhudumu mpya zile za wagonjwa. Barua za kifamilia mwenyewe azichukue. Si haki kuzisoma kwa siri. Kisha uwekwe ujumbe wa kujijibu wenyewe, mfupi: mhudumu huyu hayupo tena, andika kwa anwani ya kliniki. Sababu ya kuondoka isitajwe. Baada ya miezi michache, watu wakishazoea anwani mpya, sanduku lifungwe.

Sheria ya Uganda ya ulinzi wa data na faragha ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa za kulindwa kwa namna ya pekee. Kenya nayo ilitunga sheria yake mwaka huo huo. Kwa hiyo una haki ya kuuliza ni nani sasa anayeshika habari zako, na kuomba zirekebishwe zikiwa na makosa. Usione haya.

Kwa upande wako, omba anwani ya kliniki yenyewe badala ya anwani ya mtu. Tunza karatasi yako ya matibabu hata kama umeambiwa kila kitu kiko kwenye kompyuta. Uliyemwandikia akikaa kimya kwa siku kadhaa, nenda dirishani ukaulize kama bado yupo kazini, na usitume habari zako tena kwa anwani ile mpaka ujibiwe. Mgonjwa akizidiwa, asingoje barua yoyote. Apelekwe kliniki mara moja.

Na wewe mhudumu wa jamii unayelipwa posho, ukipata nafasi ya kuhama, mwambie msimamizi mapema kuhusu kila anwani uliyoifungua kwa ajili ya kazi, pamoja na vikundi vya simu unavyoviongoza.