Jina la Mtu na Jina la Picha: Neno "Tingatinga" katika Kiswahili

Mgeni afikaye Oyster Bay, Dar es Salaam, penye maduka yajulikanayo kwa jina la Morogoro Stores, huonyeshwa picha za chui, za twiga na za ndege wenye mikia mirefu, rangi zao zikimetameta kama sahani iliyooshwa sasa hivi. Akiuliza picha fulani ni ya nani, jibu alipatalo mara nyingi ni fupi: "Hii ni tingatinga." Kwa sarufi jibu hilo halina kosa, wala muuzaji hana nia ya kudanganya, lakini halijibu swali lililoulizwa. Muulizaji alitaka jina la mtu, naye amepewa jina la aina. Jinsi jina la mchoraji mmoja lilivyotoka katika milki yake likawa jina la bidhaa ni jambo lipasalo kuangaliwa na mwanafunzi wa lugha, kwa kuwa muundo wa Kiswahili wenyewe ulisaidia sana kulitoa.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru, kusini mwa Tanzania. Kama vijana wengi wa kusini wa wakati ule alikwenda Tanga kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge, kisha akahamia Dar es Salaam, akafanya kazi za nyumbani kwa Wazungu na vibarua vya namna mbalimbali. Alianza kuchora picha za kuuza mwaka 1968. Hakuwa na turubai wala rangi za wachoraji. Alitumia vipande vya hadibodi vilivyokatwa mraba, kila upande kadiri ya futi 2, na rangi za enameli zilizokusudiwa kupakwa baiskeli. Mahali pake pa kuonyesha palikuwa pale pale pa kuuzia: nje ya maduka ya Oyster Bay, chini ya mti, ambapo wageni wakaao mtaa ule walipita kila siku wakienda kununua vyakula. Katika miaka ya mwisho ya maisha yake shirika la umma lililoshughulika na sanaa lilianza kuzinunua picha zake. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania kuwa mhalifu anayetoroka, akafa. Kazi yake yote ya uchoraji, basi, ilidumu miaka minne tu au pungufu kidogo.

Aliacha wanafunzi wachache, wengi wao ndugu na jamaa waliomzunguka: miongoni mwao Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda, Casper Tedo, Omari Amonde, na Simon Mpata ambaye baadaye alikwenda kufanya kazi Nairobi. Hawakufundishwa kwa daftari. Walikaa kando ya fundi, wakamtazama, wakapewa kazi ndogo ndogo za kujaza rangi, na hatimaye wakachora wenyewe. Ndivyo mwanagenzi anavyojifunza useremala au ushonaji katika miji yote ya pwani, na katika mafunzo ya namna hiyo kuiga mkono wa fundi ndiyo heshima yenyewe. Baada ya kifo cha mwalimu wao waliungana kuuza kazi zao chini ya jina lake, na mwaka 1990 umoja huo ukawa chama cha ushirika. Hapakuwa na hila katika hilo. Jina lilikuwa ndilo urithi pekee walioachiwa.

Kiswahili cha wakati ule kilikuwa na maneno gani ya kuitia kazi hiyo? Kitendo "kuchora" katika matumizi ya zamani kilitaja hasa kukata alama katika kitu kigumu: kutia nakshi katika mlango, kuchonga mstari ubaoni. Maana ya kuweka umbo kwa kalamu au kwa brashi imekua baadaye kutokana na hiyo. "Sanamu," neno lililotoka Kiarabu, lilikuwa likitumika kwa umbo la kuchongwa na kwa umbo la kuandikwa ukutani au karatasini pia, mpaka "picha," lililotoka Kiingereza, lilipolinyang'anya sehemu ya pili. "Kupaka rangi" ni kazi ya fundi wa nyumba, na hakuna aliyependa kumwita mchoraji mpaka rangi, ingawa kwa vifaa vyake Tingatinga alikuwa karibu zaidi na fundi wa baiskeli kuliko mtu aliyesoma chuo cha sanaa. Na "sanaa" yenyewe, kwa asili, ni kazi yoyote ya ustadi wa mikono. Picha ya rangi iliyochorwa ubaoni, isiyo ya kanisani wala ya kitabuni, ikauzwa njiani kwa yeyote apitaye, ilikuwa kitu kipya kisichokuwa na jina lake maalumu. Pengo lilikuwapo, na neno lililokuwa karibu likaliziba.

Kwamba neno hilo lilikuwa jina la mtu si ajabu. Kiswahili kina desturi ya muda mrefu ya kuyageuza majina ya pekee kuwa majina ya kawaida. Kitambaa cha pamba kilicholetwa kutoka Marekani katika karne ya 19 kiliitwa "merikani," na leo hata asiyejua kama kulikuwako biashara hiyo hulitumia neno. Gari la magurudumu matatu ni "bajaji," kwa jina la kampuni ya Kihindi iliyolitengeneza. Umbo la "Tingatinga" lilikuwa tayari kwa safari hiyo. Ni neno la silabi nne lenye kurudiwa kwa shina, mfano wa "pilipili" na "pikipiki," na sikio la Mswahili hulipokea kama neno la nyumbani. Lingekuwa jina lenye sauti ngumu, labda lisingefika mbali.

Yafaa hapa kuonya juu ya dhana moja isikikayo mara kwa mara, kwamba jina la mchoraji linatokana na tingatinga, yaani trekta au mtambo wa kusukuma udongo. Wengine huongeza kitendo "kutingisha" na kujenga hadithi nzuri juu yake. Jina hilo mchoraji alilirithi kwa baba yake, na kufanana kwa sauti peke yake si ushahidi wa asili moja. Tena ngeli zenyewe huelekea kuyatenga maneno haya katika mazungumzo. Mtambo husemwa zaidi "tingatinga limebomoa ukuta," na mengi yao ni "matingatinga", picha husemwa "tingatinga imeuzwa," "tingatinga mbili zimebaki." Na mtu, bila shaka, ni "Tingatinga amechora." Msikilizaji anayejua Kiswahili hawezi kuchanganya mtu, mtambo na picha maadamu neno limekaa mahali pa mtenda.

Shida huanza neno linapohama kutoka mahali hapo na kufuata -a unganifu. Kiungo hiki kidogo hubeba mizigo mingi kuliko kiungo kingine chochote cha lugha. "Picha ya Tingatinga" yaweza kuwa picha aliyoichora Tingatinga. Yaweza kuwa picha aliyokuwa nayo nyumbani, hata kama ilichorwa na mwingine. Yaweza kuwa picha inayoonyesha sura yake. Na yaweza kuwa picha ya aina iitwayo tingatinga, iliyochorwa jana na kijana aliyezaliwa miaka 30 baada ya kifo chake. Maana hizi nne hupatana kisarufi kwa namna moja. Herufi kubwa hutenganisha baadhi yake katika maandishi, lakini herufi kubwa haisikiki, na biashara ya picha hufanywa kwa mdomo.

Kwa mnunuzi tofauti ya maana hizi ni tofauti ya fedha, na si ndogo. Picha iliyotoka mkononi mwa Edward Tingatinga mwenyewe ni adimu, na hununuliwa kwa bei isiyolinganishwa kabisa na ile ya picha ya aina hiyo iliyowekwa njiani. Yeye alitia sahihi ubaoni kwa herufi zilizo wazi, E. S. Tingatinga, na wanafunzi wake walitia majina yao wenyewe. Sahihi ndiyo iliyofanya kazi ambayo -a unganifu haikuweza kuifanya. Lakini mara jina lilipopata bei, sahihi nayo ikaanza kughushiwa, na mbao zenye jina lake ambazo hakuzigusa zimezunguka sokoni kwa miaka mingi. Hasara ni ya pande mbili. Mnunuzi hudanganywa, na mchoraji aliye hai, ambaye kazi yake huenda ni nzuri, hupotea kwa kufichwa nyuma ya jina la marehemu.

Kwa nini jambo hili halikuwapata wachoraji wengine wa nchi hizi? Sam Ntiro, aliyezaliwa Kilimanjaro mwaka 1923, alisoma Makerere na baadaye London katika chuo cha Slade, akafundisha, akaonyesha kazi zake katika kumbi za nchi za nje. Picha yake ya watu wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi wakati wa usiku iliingia mwaka 1960 katika jumba la sanaa za kisasa la New York. Hakuna asemaye "ntiro mbili zimeuzwa." Vivyo hivyo kwa Elimo Njau, mwenzake wa Kilimanjaro, ambaye mwaka 1965 alishirikiana na wenzake kuanzisha Nairobi ukumbi wa maonyesho wa Paa ya Paa. (Jina la ukumbi huo ni mchezo wa maneno unaostahili kusifiwa: paa ni mnyama, na kupaa ni kwenda juu, na asikiaye haraka huona pia paa la nyumba.) Wachoraji hawa wawili walionyesha mahali ambapo picha hutundikwa peke yake ukutani, na chini yake pana karatasi yenye jina la mtu, jina la picha na mwaka. Ukumbi wa namna hiyo humlazimisha mtazamaji kuuliza "nani?"

Soko huuliza "gani?" Embe ni dodo au bolibo, mchele ni wa Mbeya, kitambaa ni merikani. Bidhaa ya sokoni hutajwa kwa aina au kwa asili yake, wala mkulima aliyeipanda hatajwi. Picha zilizouzwa nje ya maduka ya Oyster Bay zilikaa sokoni, kwa hiyo zilipata jina kwa kanuni ya sokoni, na jina la mkulima likawa jina la embe. Pengine hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika habari hii: mahali pa kuuzia ndipo palipoamua sarufi. Mfano wa George Lilanga unalithibitisha kwa upande wa pili. Lilanga alikuwa Mmakonde, kazi zake zilikua katika Nyumba ya Sanaa iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1972, na maumbo yake yenye masikio makubwa na miguu ya vidole vichache yanatoka katika uchongaji wa Kimakonde zaidi kuliko ubao wa Tingatinga. Hata hivyo, picha zake zilipofika katika maduka yale yale ya wageni, wengi waliziita tingatinga. Jina la sokoni halibagui.

Mageuzi ya jina hayakuishia hapo. Chama cha ushirika na wauzaji wengi huliandika kwa maneno mawili, Tinga Tinga, na ndivyo lilivyoandikwa pia katika katuni za watoto zilizotengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa Uingereza mwaka 2010. Msomaji aweza kudhani ni jambo dogo la tahajia. Lakini jina la ukoo halikatwi katikati, na mtu asomaye maneno mawili hana sababu hata moja ya kushuku kwamba yanamtaja mtu. Kwa nafasi moja tupu kati ya silabi ya pili na ya tatu, mchoraji aliyeonekana bado katika "tingatinga" hutoweka.

Inashangaza kwamba lugha ilikuwa na dawa ya mkanganyiko huu tangu mwanzo, nayo haikushika. Kiambishi ki- cha namna hutofautisha kwa urahisi kitu cha mtu na kitu cha mtindo wa mtu: nyumba ya Mzungu si lazima iwe nyumba ya kizungu, na kinyago cha Mmakonde chaweza kisiwe cha Kimakonde. Kwa kanuni hiyo hiyo "picha ya Tingatinga" ingebaki kwa kazi ya mikono yake, na "picha ya kitingatinga" ingetaja kazi ya wanafunzi wake na ya wanafunzi wao, kwa heshima na bila udanganyifu. Wanafunzi hao hawana haja ya kuazima uandishi wa mwalimu. Wanahitaji neno lisemalo kwamba wametoka kwake. Yawezekana umbo hilo limechelewa kwa mazungumzo ya njiani, ambapo neno fupi hushinda daima. Kwa orodha za majumba ya makumbusho, kwa hati za maonyesho na kwa vitabu vya shule halijachelewa.

Mtunga kamusi, kwa upande wake, hana budi kutenga vidahizo viwili. Cha kwanza ni mtambo, ngeli ya li-/ya-, wingi matingatinga. Cha pili ni picha ya rangi za enameli ichorwayo ubaoni kwa mtindo ulioanzia Dar es Salaam mwaka 1968, ngeli ya i-/zi-, na palepale katika maelezo ya asili ya neno, kama iandikwavyo "Kar" kwa Kiarabu na "Kng" kwa Kiingereza, liandikwe jina kamili: Edward Saidi Tingatinga, 1932–1972.