Vitabu vya Mwongozo wa Safari: Mfano wa Lamu

Msafiri anayepanga mapumziko ya siku nne au tano kisiwani Lamu hukabiliwa na vitabu kadhaa vya mwongozo, na aghalabu huchagua chenye picha za kuvutia zaidi. Hiyo si njia ya kutegemewa. Lonely Planet, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1973, ilipata umaarufu kwa kuwaelekeza wasafiri wenye fedha kidogo. The Rough Guide to Kenya, kitabu cha Richard Trillo kilichotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1987, kiliandikiwa pia msomaji anayetaka kuielewa jamii anayoizuru. Hata hivyo, kitabu kinachoizungumzia nchi nzima hakina budi kuupa mji wa Lamu, ulioorodheshwa na UNESCO mwaka 2001, kurasa chache tu. Swali ni jinsi kurasa hizo zilivyotumiwa.

Ulinganishaji wenye manufaa ni ule wa kuteua jambo moja na kulisoma katika kila kitabu. Chukua magofu ya Takwa, katika kisiwa jirani cha Manda. Vitabu karibu vyote hutaja msikiti wake na kaburi lenye mnara. Lakini njia ya kufikia huko kwa mashua ni mkono wa bahari uliozungukwa na mikoko, nao hupitika maji yanapojaa tu. Maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Kwa hiyo hakuna kitabu kiwezacho kuchapisha saa ya kuondoka. Kinachomwambia msomaji "kodi mashua asubuhi" basi, kimemtupa. Kilicho bora humshauri akubaliane na nahodha tangu jana yake kuhusu kwenda na kurudi, tena kikamweleza namna Waswahili wanavyohesabu saa. Mgeni asiyejua hilo, akiambiwa saa tatu, atafika pwani saa tisa alasiri. Tofauti hiyo ya saa sita ni karibu sawa na muda wa maji kutoka kujaa hadi kupwa: atakuta matope.

Tarehe nayo isipuuzwe. Utafiti wa kitabu hutangulia uchapishaji wake kwa miezi mingi, na toleo moja huuzwa kwa miaka. Mnamo Septemba 2011 watalii walishambuliwa Kiwayu, na Oktoba mwaka huohuo raia mwingine wa kigeni akatekwa nyara Manda. Toleo la 2010 lingeweza kuzisifu fuo hizo bila onyo lolote, na mwandishi wake asilaumike. Wa kulaumiwa ni msomaji wa miaka ya baadaye asiyetazama ukurasa wa hakimiliki.

Mwisho ni kurasa za msamiati, ambazo wanafunzi wa Kiswahili watazisoma kwa tabasamu. Nyingi huanza na "jambo" na kuishia "hakuna matata", ilhali Mwamu humwambia mwenzake "yeo" kwa leo na "moya" kwa moja. Si lazima mgeni afundishwe Kiamu. Lakini kitabu kinachompa sentensi kama "Maji yatajaa saa ngapi kesho?" kimemfaa kuliko chenye orodha ndefu ya maamkizi.