Kijana mwenye ADHD aanze chuo mapema, ila asibebeshwe mzigo wote

Saa tatu usiku daftari liko wazi mezani, lakini kijana wa miaka 16 amekaa sakafuni, amefungua redio mbovu na kutandaza vipande vyake. Insha ya kesho haina hata sentensi moja.

“Mwanangu, umefika wapi?” mama anauliza.

“Naanza sasa hivi, mama.”

Amesema hivyo tangu saa kumi na mbili.

Familia nyingi zenye kijana mwenye ADHD zinaijua picha hii, zikiwamo za Watanzania, Wakenya na Wakongomani wanaoishi Marekani. Kijana si mvivu wala si mjinga. Kinachomshinda ni kuanza kazi, kukumbuka tarehe na kumaliza alichoanza. Mwanasaikolojia Russell Barkley anakadiria kuwa uwezo wa kujiongoza wa watoto hawa huchelewa kwa takriban asilimia 30. Kwa hesabu hiyo, kijana wa miaka 16 anaweza kujipanga kama mtoto wa miaka 11.

Hata hivyo, kijana huyo anaweza kuanza kukusanya krediti za chuo akiwa bado sekondari, na nafuu yake kwa mfuko wa mzazi ni kubwa. Shahada ya kwanza Marekani kwa kawaida huhitaji krediti 120, na somo moja la muhula mara nyingi huwa na krediti 3.

Njia tatu, tabia tatu

Njia ya kwanza ni masomo ya AP, yanayofundishwa shuleni na kumalizika kwa mtihani mwezi Mei. Alama ni 1 hadi 5. Vyuo vingi hutoa krediti kuanzia 3, vingine hudai 4 au 5. Inamfaa kijana anayehitaji mwalimu wa kumkumbusha mara kwa mara.

Ya pili ni mitihani ya CLEP. Kijana hujisomea kwa kasi yake, kisha hufanya mtihani wa takriban saa moja na nusu. Alama inayopendekezwa kwa krediti ni 50 kati ya 80, na akikosa anaweza kurudia baada ya miezi mitatu. Shirika la Modern States hutoa masomo ya maandalizi bure. Ugumu wake ni kwamba hakuna wa kumsukuma, na si kila chuo kinaipokea.

Ya tatu ni kusoma chuoni kwenyewe. Minnesota, jimbo lenye Wakenya wengi, lina mpango wa PSEO tangu 1985. Wanafunzi wa darasa la 11 na 12 husoma chuoni bila kulipa ada wala kununua vitabu vya lazima. Wa darasa la 10 wanaotimiza masharti huweza kuanza na somo la ufundi.

Mahali ambapo wengi hujikwaa

Njia hii ya tatu ndiyo yenye hatari zaidi. Alama ya chuo hubaki kwenye rekodi. Akianguka, alama hiyo huonekana sekondari na chuoni, na inaweza kumsumbua baadaye anapoomba msaada wa ada.

Isitoshe, mpango maalumu wa IEP aliopewa na shule haumfuati darasani chuoni. Chuo kinabanwa na sheria za kuzuia ubaguzi dhidi ya wenye ulemavu, lakini kijana mwenyewe ndiye anayepaswa kwenda ofisi husika, kueleza hali yake na kuomba, kwa mfano, muda wa ziada wa mtihani. Rekodi za chuo nazo ni zake, hata akiwa na miaka 16. Mzazi aliyezoea kumpigia simu mwalimu anaweza kuambiwa hana ruhusa.

Maombi hayo yafanyike mapema. Kwa mitihani ya AP, College Board huweza kuchukua wiki saba kuyajibu.

Somo moja kwanza

Kilicho salama ni kuanza na somo moja tu, tena analolipenda, katika saa ambazo akili yake huwa imetulia. Tarehe zote ziandikwe ukutani siku ya kwanza, ikiwamo ya mwisho ya kujiondoa bila kupata alama mbaya. Jioni mzazi aketi naye meza moja, kila mtu na kazi yake. Kwa wengi, mtu wa kukaa karibu husaidia kuliko makaripio.

Na aliyefungua redio sakafuni pengine hahitaji kuanza na somo la insha. Aanze na la umeme. Akilifaulu, atakuwa na krediti zake za kwanza na jambo ambalo huenda hajalisikia kwa muda mrefu: kwamba anaweza kumaliza alichoanza.