Mkono wa Kushoto wa Mpiga Gitaa

Katika Katanga wengi wanalijua jina la Jean-Bosco Mwenda, aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1930. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alinasa nyimbo zake kwa mashine katika mji wa Jadotville, ambao leo unaitwa Likasi. Gitaa lilikuwa moja, lakini msikilizaji hudhani ni mawili yanaitikiana. Kwa mkono wa kuume Mwenda alitumia vidole viwili tu, gumba na shahada. Watu huusifu mkono huo. Husahau mkono wa kushoto, nao ndio unaochagua sauti.

Huchaguaje? Shingo ya gitaa ina vyuma vyembamba vilivyolala kukingama chini ya nyuzi sita. Kidole kikibana uzi, uzi hugusa chuma, na sehemu inayotetemeka hupungua. Uzi mfupi hutoa sauti ya juu kuliko uzi mrefu.

Mwanafunzi mpya akisikia uzi unakoroma hudhani hana nguvu. Basi hukaba shingo ya gitaa kama mtu aliyekamata nyoka. Baada ya kitambo mkono umechoka, na gitaa limewekwa pembeni. Kumbe mara nyingi kosa ni mahali pa kidole. Kidole kikikaa mbali na chuma, kazi ni kubwa. Kikikaa karibu, nyuma ya chuma kidogo tu, nguvu kidogo yatosha, na sauti hutoka safi.

Kucha ziwe fupi. Vidole vikunjike, vibane kwa ncha. Gumba litulie nyuma ya shingo, na kifundo cha mkono kisipindwe sana.

Na nguvu zatoka wapi? Shika mkono wako chini ya kiwiko, kisha chezesha vidole. Unasikia nyama zinatembea? Hizo ndizo zinazovuta vidole kwa mishipa migumu kama kamba. Nazo huzoea kazi polepole.

Zoezi ni hili. Vidole vinne vikae katika nafasi nne zinazofuatana, kila kimoja na yake. Vibane kimoja kimoja, kuanzia shahada mpaka kidole kidogo, uzi baada ya uzi, bila haraka. Kidole kidogo ni dhaifu, kwa hiyo kisiachwe. Dakika kumi kila siku zapita saa mbili za siku moja.

Mwanzoni ngozi ya ncha za vidole huuma, kisha huwa ngumu. Lakini kifundo au kiganja kikiuma, mwanafunzi aache mara moja, apumzike. Anayelazimisha mkono mgonjwa aweza kukosa kupiga kwa miezi mingi.

Haba na haba hujaza kibaba.

Maulizo
1. Kwa nini uzi ukibanwa hutoa sauti ya juu zaidi?
2. Kidole kikae wapi ili kisichoke upesi?
3. Mwanafunzi afanye nini kifundo cha mkono kikiuma?