Mashimelo Pasipo Jelatini

Dini yetu tukufu imetuamrisha kula kilicho halali na kilicho kizuri, na Mwislamu hanunui nyama pasipo kujua nani aliyechinja. Walakini mzazi huyo huyo humpa mwanawe pakiti ya vitamutamu vilivyotoka ng'ambo bila ya kuuliza neno. Mwezi huu twapenda kuzungumza na wasomaji wetu juu ya kimoja katika vitamutamu hivyo, nacho ni mashimelo: vile vipande vyeupe na vya waridi, laini mfano wa pamba, ambavyo watoto huvipenda mno.

Jelatini ni kitu gani?

Kinachoyashika mashimelo ya dukani yasimomonyoke ni jelatini. Hiyo hupatikana kwa kuchemsha ngozi, mifupa na kano za wanyama mpaka zitoe utomvu, kisha ukakaushwa na kusagwa. Haina ladha wala harufu ya kuitambulisha, na kwa hivyo ulimi hauwezi kuwa shahidi. Katika Ulaya sehemu kubwa ya jelatini ya chakula hutoka katika ngozi ya nguruwe. Na ile ya ng'ombe nayo yataka kuulizwa: ng'ombe huyo alichinjwa vipi?

Wanazuoni wamelizungumza jambo hili. Mwaka 1986 Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tatu mjini Amman, iliamua kwamba haijuzu kutumia katika chakula jelatini ya nguruwe, kwani ile ya mimea na ya wanyama waliochinjwa kisharia yatosha. Mwaka 1995 semina ya wanazuoni na matabibu iliyofanywa Kuwait iliona kuwa kitu kilichogeuka kabisa asili yake hutoharika. Sisi si makadhi wa kuwahukumu wanazuoni. Twasema tu kwamba penye njia kavu hapana haja ya kupita topeni, na Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kujiepusha na yenye shaka.

Asili yake ni mmea

Huenda msomaji akastaajabu kusikia kwamba mashimelo hayakuanza kwa jelatini. Jina hilo ni la mmea, ule ambao Waarabu huuita khatmi, na mafaqihi wa kale wameutaja katika habari za kuosha kichwa. Mzizi wake una utelezi. Katika karne ya 19 watengenezaji wa vitamutamu wa Ufaransa waliupiga utelezi huo pamoja na sukari na ute wa yai mpaka ukawa povu. Jelatini ilikuja baadaye kwa sababu ya urahisi wake. Basi anayetafuta mashimelo ya mimea hazui jambo geni, bali airudisha kazi kwenye asili yake.

Badala zilizopo

Ya kwanza ni aga-aga, ambayo jamaa zetu wa Kihindi huiita chaina-grasi na huipikia vitu vya baridi katika Ramadhani. Hutolewa katika mwani mwekundu, na Wajapani wameijua tangu karne ya 17. Hata mabingwa wa viini vya maradhi waliikimbilia: katika mwaka 1881 Bibi Fanny Hesse aliishauri, kwa kuwa jelatini ilikuwa ikiyeyuka kwenye joto. Jelatini huyeyuka kabla ya kufikia joto la mwili, na aga-aga iliyokwisha kuganda haiyeyuki mpaka kiasi cha digrii 85. Kwa nchi za joto kama pwani yetu hilo si jambo dogo.

Ya pili ni karajinani, nayo pia ni ya mwani. Mwani wa namna hiyo hulimwa Unguja tangu mwaka 1989, katika vijiji kama Paje na Jambiani, na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Ya tatu ni pektini ya maganda ya matunda. Ya nne ni wanga, ambao ndio ushikao halua yetu.

Namna ya kutengeneza

Aga-aga hugandisha, lakini haishiki povu kama jelatini. Kwa hiyo yataka msaidizi. Mwaka 2014 mwimbaji mmoja wa Ufaransa, Joël Roessel, alionyesha kwamba maji yaliyochemshiwa kunde na dengu hupigika yakawa povu kama ute wa yai.

Chukua nusu kikombe cha maji ya dengu yasiyotiwa chumvi, yaliyochemshwa mpaka yakawa mazito, kisha yakapoa. Tia matone machache ya ndimu, upige kwa mashine muda wa dakika 10, mpaka povu lisimame. Katika sufuria changanya robo tatu ya kikombe cha maji, kijiko kikubwa 1 cha unga wa aga-aga na kikombe 1 cha sukari. Chemsha dakika 5 huku ukikoroga, kwani aga-aga isiyochemka sawasawa haigandi. Mimina maji hayo yangali moto katika povu, kidogo kidogo, bila ya kuacha kupiga. Fanya haraka kuyatia katika sinia iliyonyunyizwa wanga wa mahindi, kwa sababu yakishuka digrii 40 hushika papo hapo. Yaache saa 3, kisha yakate.

Jihadharini na mambo mawili. Mapishi mengi ya Kizungu hutaja krimu ya tata, nayo hukwanguliwa katika mapipa ya mvinyo. Ndimu yatosha badala yake. Na vanila ya maji aghalabu huwa na ulevi. Tieni maji ya waridi au hiliki. Si busara kuikimbia jelatini ukaangukia katika pipa la mvinyo.

Tusiwadanganye watoto: haya hayavutiki kama yale ya dukani, na hayafai kuchomwa motoni. Ni laini na hukatika upesi. Lakini mtoto aliyesimama karibu na mama yake akaona kila kilichotiwa atajifunza kuuliza, na kuuliza huko ndiko tukutakako. Enyi vijana, mkiwa dukani someni karatasi ya pakiti: E406 ni aga-aga, E407 karajinani, E440 pektini. Mkiona jelatini pasipo kuelezwa asili yake, rudisheni kwa adabu.

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu riziki ya halali iliyo tamu. Amin.